Chumba cha Kusikilizia

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi na mimi nimeanza kazi leo asubuhi. Vyote viwili vimenilowesha.

Niandike kwanza nimefikaje hapa, maana nikija kusoma miaka ijayo nitadhani nilipotea njia. Kampuni niliyokuwa nachambua mauzo yake imepunguza watu, na mimi nimo. Mama alinivumilia wiki mbili nikizunguka nyumbani na kanga, kisha akampigia kaka yake. Mjomba hakuuliza maswali. "Mlete," alisema, kwa sauti iliyotoka kwenye simu hadi jikoni. "Yeye atanihesabia, mimi nitamfundisha kusikiliza."

Duka lake linauza muziki na vyombo vya kuuchezea. Mbele kuna rafu za CD, masanduku ya santuri, na ukuta mzima wa spika ndogo zisizo na waya, za rangi zote kama sabuni. Nyuma, ukipita pazia zito, ndipo kilipo chumba cha kusikilizia: zulia, kiti kimoja cha kuegemea, amplifaya, pleya ya santuri, na spika kubwa zinazonifika kifuani. Mteja anakalishwa kwenye kiti, anaambiwa asiseme kitu, na Mjomba anasimama nyuma yake akizungusha vitufe mpaka aridhike. Aridhike Mjomba, si mteja.

Mji mzima unamwita Sikio. Zamani watu walikuwa wanamletea redio zao awaambie zinaumwa nini kabla hawajazipeleka kwa fundi.

Paa ni la bati. Mvua ikinyesha tunapiga kelele kama watu walio kwenye mitumbwi tofauti.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Nimeuza spika ndogo ya waridi kwa mwanamke aliyetaka ilingane na mapazia.

Jumamosi, 9 Machi

Wiki ya kwanza imeisha na nimeanza kuuelewa ugonjwa wa duka hili, au nadhani hivyo.

CD zimekufa, ila hazijazikwa. Wanaozinunua ni wenye magari ya zamani na wazee wawili ambao kila mmoja anadhani ni yeye peke yake aliyebaki. Spika ndogo zinatoka kama njugu, lakini hakuna anayezipenda. Mtu anaingia, anaionyesha kwa kidole, analipa, anaondoka, kama aliyenunua balbu.

Cha ajabu ni santuri. Mimi nilidhani ni mapambo ya dukani. Kumbe vijana wanazigombea. Leo binti mmoja amechukua tatu. Mjomba akamuuliza ana pleya ya aina gani.

"Sina pleya."

"Eeh?"

"Sina pleya, mzee! Nitazitundika ukutani!"

Mjomba alishika kaunta kama mtu aliyesikia msiba. "Santuri ukutani," alirudia hadi tunafunga. "Kesho watanunua viatu wavitie kwenye fremu."

Alhamisi, 14 Machi

Nimemchorea grafu. Mstari wa santuri unapanda tangu mwaka juzi. Spika ndogo ziko juu na zimetulia. CD zinateremka polepole kwa heshima zao. Amplifaya na spika kubwa, vitu vinavyouzwa kule nyuma, mstari wake umeanguka kama aliyekosa ngazi.

Nikamwambia kile ambacho ningemwambia mkuu yeyote wa idara: chumba kile kinakula nafasi, tukikodishe. Fundi wa simu wa jirani amekwisha kuniuliza.

"Chumba cha kusikilizia?" alisema. "Ukodishe basi na moyo wangu, uweke na kibao nje."

Kisha akanuna. Kununa kwake kuna utaratibu: anafuta vumbi kwenye vitu visivyo na vumbi. Nimemwacha. Ni mtu mwenye majivuno, ndivyo nilivyomwona leo. Mteja akimuuliza kitu, mara nyingine anamjibu jambo jingine kabisa, analotaka yeye, na mteja anaondoka amekunja uso.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua kubwa. Barabara imekuwa mto wa kahawia.

Ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha Fundi Waya, atengenezaye redio na amplifaya. Leo alisimama kibarazani kujikinga na mvua, akaniinulia mkono. Nilipomjibu, Mjomba alipita katikati yetu akashusha pazia la dirisha.

Mkaza mjomba alipoleta chakula cha mchana nikamuuliza. Alisema wale wawili walikuwa chanda na pete tangu ujana, hadi mwaka jana.

"Walikosana nini?"

"Muulize mjomba wako."

Nikamuuliza. "Alinitusi," alisema, na akatafuta kitu cha kufuta vumbi.

Ijumaa, 22 Machi

Amekuja wakala wa jumla, anayezungukia maduka ya miji yote ya upande huu. Mtu mnene, mcheshi, mwavuli wake mkubwa kuliko gari lake. Nilimwonyesha grafu yangu nikitegemea anipongeze. Akaitazama, akaigeuza kama aliyehisi nimeishika juu chini.

"Hii ya amplifaya umekosea."

"Sijakosea."

"Basi nyinyi ndio mmekosea. Sikiliza, dada. Kila mji ninaokwenda ngazi ni ile ile. Kijana ananunua santuri aitundike. Baada ya muda anaona haya, ananunua pleya ya bei rahisi. Pleya ile inamchosha, anarudi kutafuta amplifaya na spika za maana. Kote santuri zinavuta amplifaya juu. Kwenu tu ndiko ngazi imevunjika katikati."

Nilitaka kubisha lakini anaijua kazi yake. Ikiwa anasema kweli, basi vijana wetu wanapanda ngazi hadi mlango wa chumba cha kusikilizia, wanaingia, na hawarudi. Kuna nini mle ndani?

Jumatano, 27 Machi

Leo nimemwona Mjomba akiwa Sikio kweli. Amekuja Mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye nusu ya wateja wetu alishawapokea duniani. Alisema amefanya kazi za zamu maisha yake yote na hajawahi kukaa chini akasikiliza wimbo hadi mwisho. Sasa anataka kukaa.

Mjomba alimkalisha kama malkia. Alimweleza kwa nini spika zinawekwa mbali na ukuta, kwa nini santuri inashikwa kwa kingo. Nilikuwa mbele nahudumia, mvua inapiga bati, nikasikia tu vipande vya kicheko chao. Akachukua seti nzima: pleya, amplifaya, spika kubwa. Mjomba akaenda mwenyewe kumfungia nyumbani kwake.

Nikampa hongera. "Eeh?" alisema. Nikampa tena, kwa kupiga kelele. Akatabasamu: "Ulitaka kukikodisha hicho chumba."

Jumatano, 3 Aprili

Mkunga amerudi. Alisimama katikati ya duka bila kufunga mwavuli.

"Bwana Sikio, nimesikia vichanga vikilia maisha yangu yote. Hiki ulichonipa kinalia vibaya kuliko vyote. Kinanichoma kama sindano."

Mjomba alisema ni kuta za nyumba yake. Mkunga akasema kuta zake hazijawahi kumdhuru mtu. Wamekubaliana twende Jumapili, mimi nikiwa shahidi.

Jumapili, 7 Aprili

Naandika jioni hii mkono ukiwa mzito.

Mvua ilikatika asubuhi. Ni siku ya kwanza tangu nije ambayo hakuna tone hata moja, na ule ukimya ulinishangaza. Njiani nilisikia mpaka maji yakichirizika mitaroni. Mjomba alikuwa ananihadithia habari za wakala kwa sauti ile ile ya kushindana na bati. Watu walikuwa wanageuka. Nilimwambia, "Mjomba, mvua imeacha," akasema, "Naam, na barabara ni mbaya."

Nyumba ya Mkunga ni ndogo na safi, vitu vyote viko mahali pake. Ametupa chai. Mjomba akawasha mashine, akaweka santuri ya wanawake wanaoimba kwa kupokezana, na mimi nikauma meno. Mkunga alisema kweli. Kila herufi ya s iliyotoka kwenye zile spika ilikuwa mjeledi. Matoazi yalikuwa kama vikombe vinavyovunjwa jikoni. Paka wa nyumba aliamka, akatutazama mmoja mmoja, akatoka.

"Mnasikia?" alisema Mjomba. "Imefifia. Nyumba hii inameza sauti za juu." Akazungusha kitufe, akaziongeza.

Mkunga alinitazama. Mimi nikamtazama Mjomba. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti, macho ameyafumba, kichwa amekiinamisha kidogo upande, na usoni mwake kulikuwa na furaha tulivu kabisa. "Sasa," alisema. "Sasa zimefunguka."

Hapo ndipo birika lililokuwa jikoni lilipoanza kupiga filimbi. Lilianza chini, likapanda, likawa linapiga yowe. Mimi niligeuka. Mkunga aligeuka. Mjomba hakugeuka. Nikadhani labda ni kwa sababu ya muziki, lakini wimbo uliisha, sindano ikainuka, na birika likaendelea peke yake ndani ya nyumba iliyonyamaza, na yeye bado macho yamefumba, anangoja wimbo unaofuata.

Mkunga alikwenda taratibu hadi nyuma ya bega lake. Akasema kwa sauti ya kawaida, ile ambayo watu wawili huongea mezani, "Bwana, birika langu linaungua."

Hakujibu. Alipofumbua macho na kumkuta pale alishtuka, kisha akacheka: "Umenijia kama mwizi!"

Yule mama alikwenda jikoni. Akazima birika. Akarudi akamwambia kwa sauti ya juu, akiwa mbele ya uso wake, kwamba aiache tu mashine, ataizoea. Mjomba akafurahi. Aliinama kufunga viatu, na Mkunga akanivuta kando ya mlango.

"Mwanangu, mashine haina kosa. Hilo umeliona?"

"Nimeliona."

"Basi usilikalie."

Njiani Mjomba alinihadithia jinsi watu wa siku hizi walivyoharibiwa masikio na simu.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua imerudi. Dukani tumepiga kelele wote. Kwenye mvua hakuna anayejua nani hasikii.

Jumanne, 9 Aprili

Nilimkuta mkaza mjomba anakunja nguo. Nikakaa, nikachukua shuka upande wa pili, tukakunja pamoja, na sikujua nianzie wapi.

"Umeshajua," alisema.

"Wewe ulijua lini?"

"Mwaka juzi. Alianza kunilaumu kwamba nanong'ona. Mimi! Nanong'ona!" Ni kweli, mkaza mjomba akimwita kuku wa kwake, wa jirani nao wanakuja. "Kisha akawa anakaa kando ya meza wageni wakija. Kisha akawa anaongea yeye tu, asije akaulizwa."

"Mbona hukumwambia?"

Alilaza mikono juu ya shuka. "Mume wangu anaitwa Sikio na mji mzima. Ningemwambia nini? Aliyemwambia ni mmoja tu, na unaona mapazia yanavyoshushwa."

Wiki hizi zote nimemwita mtu mwenye majivuno kwa sababu alijibu maswali ambayo hakuulizwa. Alikuwa anakisia.

Ijumaa, 12 Aprili

Sikusema. Mvua.

Jumatatu, 15 Aprili

Sikusema. Vijana wawili wa santuri wameingia chumbani, wametoka wanatazamana, wamesema watafikiria.

Jumatano, 17 Aprili

Nilivuka barabara kwenda kwa Fundi Waya. Kibanda chake kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo; inabidi uzihamishe ili ukae. Alinipa kigoda bila kuuliza nimefuata nini.

Alisema mwaka jana aliletewa amplifaya moja baada ya nyingine zilizotoka kwa Mjomba, zote nzima, zote zimezungushwa sauti za juu hadi mwisho. Mwishowe alivuka, akamkuta Mjomba anamhudumia mteja, akamwambia pale pale: bwana, masikio yako yamekwisha.

"Mbele ya mteja?"

"Mbele ya wateja." Alishika waya mmoja akautazama. "Ningemwambia njiani tukitembea, angenitukana siku moja na kesho yake tungekunywa chai. Mahali ndipo nilipokosea."

Ijumaa, 19 Aprili

Nimemwambia.

Nilingoja mvua ikatike na wateja waishe. Nikamwomba aje chumbani, nikamkalisha yeye kwenye kile kiti cha mteja. Alishangaa, nadhani hajawahi kukikalia. Mashine nilikuwa nimezima. Nikavuta sanduku la santuri nikakaa mbele yake, karibu, ili anione midomo.

"Mjomba, kwa Mkunga birika lilipiga filimbi, na wewe hukulisikia."

"Muziki ulikuwa unacheza."

"Wimbo ulikuwa umekwisha."

Alitazama spika ya kushoto, kisha ya kulia, kama mtu anayetafuta mashahidi. Nilimwambia mengine yote. Nilimwambia kuhusu wakala na ngazi iliyovunjika. Nilimwambia kwamba wateja wanaofungiwa vyombo na yeye wanakwenda navyo nyumbani vikawachoma, na hawarudi, na wanawaambia wenzao. Niliongea polepole. Ilikuwa vigumu, maana kila nilipotaka kushusha sauti kwa heshima ilinibidi niipandishe, na maneno kama hayo yakisemwa kwa sauti ya juu yanakuwa kama ugomvi.

"Nani mwingine anajua?"

"Mkaza mjomba anajua. Mkunga. Fundi Waya."

"Yaani mji mzima isipokuwa mimi."

"Na wewe unajua, Mjomba."

Akasugua mikono ya kiti kwa viganja, kwenda na kurudi.

"Kuna ndege," alisema mwishowe. "Walikuwa wanakaa kwenye mti wa nyuma ya nyumba, asubuhi. Nilimuuliza mke wangu mwaka juzi wamehamia wapi. Akaniambia wamehama." Akacheka, kicheko kidogo kisicho na kitu ndani. "Wapo, sivyo?"

"Wapo."

Alitoa funguo za duka mfukoni, akaziweka juu ya amplifaya, akatoka. Hakuchukua mwavuli. Mvua ilimkuta katikati ya barabara, nikamwona anatembea bila kuharakisha, na kwa mara ya kwanza niliogopa kwamba nimefanya jambo ambalo halina marekebisho.

Jumamosi, 20 Aprili

Hakuja. Nimefungua mwenyewe.

Jumatatu, 22 Aprili

Hakuja. Mkaza mjomba anasema anakula, analala, hasemi. Nilitaka kwenda, akanikataza. "Mwache. Anahesabu."

"Anahesabu nini?"

"Watu aliowajibu vibaya."

Alhamisi, 25 Aprili

Bati limetoboka juu ya chumba cha kusikilizia, na maji yakaanza kudondoka kando ya spika kubwa. Nilikuwa peke yangu. Nilizikumbatia, nikavuta, hazikusogea. Kisha nikaona mikono mingine upande wa pili. Fundi Waya alikuwa amevuka bila kuitwa. Tulizihamisha hadi mbele, tukaweka ndoo, akapanda juu na kipande cha bati huku amejifunika gunia la plastiki. Aliposhuka alisimama mlangoni, hakutaka kuingia tena.

"Usimwambie nilikuwa humu."

"Ataona bati jipya."

"Basi aone."

Mkuu wangu wa zamani alipiga simu jioni. Kampuni imepata fedha, wananirudishia kazi kuanzia Juni. Nilipaswa kuruka juu. Nilisema asante, nikamwomba anipe muda.

Jumatatu, 29 Aprili

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya duka kabla sijafika, amevaa shati la kutokea.

"Shikamoo, Mjomba."

Aliitazama midomo yangu. "Marahaba. Funga leo. Twende kwa daktari wa masikio."

Jumanne, 30 Aprili

Jana nilichoka mno kuandika.

Walimwingiza kwenye chumba kidogo chenye kioo, wakamvisha visikizi, wakampa kitufe: ukisikia mlio, bonyeza. Mimi nilikaa nje na mpimaji. Taa ndogo ilikuwa inawaka mbele ya mpimaji kila anapopeleka mlio ndani. Mwanzoni taa iliwaka na kidole cha Mjomba kikabonyeza. Taa, kidole, taa, kidole, kama watu wanaosalimiana. Kisha milio ikawa myembamba zaidi. Taa iliwaka, kidole kikangoja. Taa iliwaka. Taa iliwaka. Yeye ameinamisha kichwa upande, macho amefumba, uso umetulia, anasikiliza kwa nguvu zake zote, na hakuna alichokuwa anakisikia.

Sijawahi kuona mtu anayesikiliza vile. Nililia kidogo, nikasingizia mafua.

Daktari alituonyesha karatasi yenye mstari. Kushoto, kwenye sauti nene, ulikuwa umenyooka. Kuelekea kulia, kwenye sauti nyembamba, ukaanguka kama aliyekosa ngazi. Mimi mstari ule nilikuwa nimeshauchora. Daktari alieleza kwamba hizo ndizo hutangulia kuondoka: ndege, filimbi, s na f za maneno. Ndiyo maana Mjomba alikuwa anaziongeza kwa wateja. Alikuwa anatafuta kitu alichojua kipo.

"Zitarudi?" Mjomba aliuliza.

"Hapana, mzee. Zilizobaki tutazisaidia."

Mjomba aliitikia kwa kichwa. Nje alisema, "Angalau hakunidanganya kama nilivyodanganywa kuhusu ndege."

Jumatatu, 6 Mei

Amepewa mashine za masikio, mbili, ndogo kama punje za maharage. Hakuna aliyelia kwa furaha. Analalamika kwamba viatu vyake vinapiga kelele, magazeti yanapiga kelele, na mkaza mjomba anapiga kelele. "Miaka miwili alikuwa ananilaumu nanong'ona kwa sababu hasikii," mama wa watu akasema, "sasa ananilaumu napiga kelele kwa sababu anasikia."

Muziki kupitia mashine zile anasema ni bati juu ya bati. Kwa watu anazivaa, kwa muziki anazitoa.

Jumatano, 8 Mei

Mjomba amevuka barabara. Nilisimama dirishani, sikuona aibu. Alisimama mbele ya meza ya Fundi Waya, na yule hakuinua kichwa.

"Umeleta redio mbovu?"

"Nimeleta masikio mabovu."

Fundi aliweka bisibisi chini. "Hayo spea zake sina."

Sikusikia kilichofuata kwa sababu walianza kucheka wote wawili, vicheko vya wazee, vyenye kikohozi ndani. Pazia la dirisha nimelifungua lote.

Jumanne, 14 Mei

Mvua inapungua. Mjomba na Fundi Waya wanazunguka nyumba za wateja wa zamani. Mjomba anaomba radhi mlangoni, Fundi anaingia kuzungusha vitufe. Wengi walikuwa wameshavifunika vyombo kwa kitambaa na kuweka vyungu vya maua juu yake. Walianzia kwa Mkunga. Amesema sasa kichanga kimelala.

Jumatatu, 20 Mei

Binti wa santuri za ukutani amerudi. Ameshanunua pleya. Anataka amplifaya.

Jumamosi, 25 Mei

Nimempigia mkuu wangu nikamkubalia kazi. Mjomba sijamwambia. Ninakihitaji kile kiti cha ofisini, ule mshahara, chumba changu mwenyewe. Hayo yote ni kweli, lakini nikiyasema mbele yake nahisi yatakuwa mepesi.

Ijumaa, 31 Mei

Jua kutwa nzima. Wameingia mume na mke, hawakubaliani kati ya spika mbili. Mume akamgeukia Mjomba: "Mzee Sikio, wewe utuamulie."

Niliacha kuhesabu chenji.

"Masikio yangu yamechoka, ndugu yangu," Mjomba alisema, kama mtu anayeitaja hali ya hewa. "Fundi atawawekea, nyinyi mtasikiliza. Mimi nitawatazama."

Aliketi pembeni, kwenye sanduku, akiwaangalia nyuso. Fundi Waya aliwachezea spika za kwanza, kisha za pili, kisha za kwanza tena. Walipomaliza mume akaanza kueleza ubora wa zile za pili. Mjomba akainua mkono.

"Hizo umezipenda kwa kichwa. Za kwanza zilipoanza, mkeo alishusha mabega, na wewe ukasahau kumtazama. Chukueni za kwanza."

Mke alicheka hadi akajifunika mdomo. Wamechukua za kwanza.

Walipoondoka na Fundi kwenda kufungiwa spika zao, Mjomba akanionyesha kiti. "Kaa na wewe."

Nilikaa. Akaweka santuri, akarudi kwenye sanduku, akanitazama. Wimbo haukufika katikati, akainua sindano.

"Unaondoka lini?"

"Nani kakuambia?"

"Hakuna. Nimekuona."

Nikaweza kusema neno moja tu. "Jumatatu."

"Nilidhani utaniambia."

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia, Mjomba."

"Najua. Na mimi nilitafuta mwaka mzima." Alifuta santuri kwa mkono wa shati, ingawa haikuwa na vumbi. "Huko kwenu Jumamosi wanafanya kazi?"

"Hawafanyi."

"Basi Jumamosi asubuhi uwe hapa. Wateja wa santuri huja mapema."

Akaigeuza upande wa pili, akatoa mashine masikioni, akavuta sanduku lake. Safari hii hakukaa mbele yangu, alikaa ubavuni, tukazielekea spika pamoja. Ulikuwa wimbo wa zamani, ngoma chini, sauti ya mwanamume katikati. Baada ya kitambo akaniegemea.

"Hapa palikuwa na filimbi. Bado ipo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nikainua kidole hewani, nikamwonyesha inapopita: ikipanda, ikizunguka, ikishuka taratibu. Alikifuata kidole changu kwa macho mpaka wimbo ulipoisha.